Apolo Kivebulaya na Jembe Lake

1. Katika Injili, wale watu kumi na wawili waliomfuata Bwana Yesu huitwa kwa majina mawili. Kwanza huitwa wanafunzi, kwa kuwa walikaa pamoja naye wakajifunza. Tena huitwa mitume, kwa kuwa aliwatuma. Majina haya hayatengani. Mwanafunzi asiyetumika ni kama mbegu iliyowekwa ghalani mpaka ikaliwa na fukusi. Na mtume asiyejifunza huenda mikono mitupu, hana neno la kuwapa watu. Somo hili ni habari za mtu mmoja wa Uganda aliyeyashika majina yote mawili mpaka kufa kwake.

2. Mtu huyu alizaliwa katika nchi ya Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alifuata dini ya Kiislamu kwa muda, akawa askari katika vita vya siku zile, naye alivuta bangi. Kisha akalisikia neno la Mungu kwa walimu wa misioni, akaanza kujifunza kusoma. Mwezi wa Januari mwaka 1895 alibatizwa, akaitwa Apolo. Watu wakamwongezea jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya nguo za Kizungu alizopenda kuvaa. Mwaka ule ule wa kubatizwa kwake alitumwa Toro, upande wa magharibi, kuwa mwalimu.

3. Ng'ambo ya Toro imesimama milima mirefu ya Rwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji. Ukizunguka milima hiyo kwa upande wa kaskazini, utashuka katika bonde lenye joto kali, uvuke mto Semliki, kisha upande tena mpaka nchi ya Mboga. Mahali hapo siku hizi huandikwa Boga, napo ni katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtawala wa Mboga wakati ule aliitwa Tabaro. Walimu wawili wa kwanza walikuwa wamekwisha kupelekwa huko, lakini Tabaro aliwakataza watu wake wasiwape chakula. Njaa ikawashinda, wakarudi Toro.

4. Basi mwaka 1896 akatafutwa mtu mwingine wa kwenda, naye Apolo akakubali. Hawakumficha habari ya njaa. Akafikiri, akanunua jembe, akalichukua pamoja na vitabu vyake. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Apolo hakungoja siku ya tatu, alifika na jembe lake mwenyewe. Kwa jembe hilo aliwaonyesha watu wa Mboga kwamba hakuja kula jasho lao, wala hakuja kupita tu. Mtu alimaye hungoja mavuno, na mtu angojaye mavuno amekusudia kukaa.

5. Labda mwanafunzi mmoja atauliza: Je, Bwana Yesu hakuwaambia wale sabini aliowatuma kwamba wasichukue mfuko wala mkoba? Mbona Apolo alichukua jembe? Swali hili ni jema, nalo lina jibu. Wale sabini waliambiwa wale kile watakachoandaliwa na watu wa nyumba. Huko Mboga hapakuwa na kilichoandaliwa. Tena Mtume Paulo, alipokuwa Korintho, alikaa kwa Akila na Prisila akafanya kazi ya kushona mahema, asije akawalemea watu. Mfuko ni wa mtu anayejiwekea akiba. Jembe ni la mtu anayefanya kazi. Jambo lililokatazwa ni kutumainia mali kuliko kumtumaini Mungu. Kazi ya mikono haikukatazwa.

6. Lakini jembe peke yake halikuyamaliza matata. Watu wengine walianza kujifunza kusoma, na Tabaro akaona kwamba mafundisho haya yanazipinga desturi zake. Apolo alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashitakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Akafungwa, akavushwa mto na kurudishwa Toro kama mhalifu. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso aliota ndoto, akamwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Mwishowe ilionekana kwamba hana hatia, akaachiliwa.

7. Hapa ndipo tunapomwona mwanafunzi wa kweli. Apolo alikuwa huru. Hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angebaki Toro, penye chakula na marafiki. Naye akavuka tena Semliki, akarudi kwa watu wale wale waliomshitaki. Hakurudi kudai fidia, wala hakurudi kumtukana Tabaro. Alirudi kufundisha. Tabaro alipomwona mtu aliyempiga na kumfukuza akirudi bila chuki, moyo wake ukageuka, na baadaye yeye mwenyewe akabatizwa. Maneno ya Apolo alikuwa ameyasikia zamani. Yaliyomshinda ni marejeo ya Apolo.

8. Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Alifanya kazi miaka mingi katika Toro, kisha akarudi Mboga. Hakuoa, lakini nyumba yake ilikaa vijana aliowalea na kuwafundisha. Magharibi ya Mboga huanza mwitu mkubwa wa Ituri, wakaao Wambuti, ambao watu wengi wamezoea kuwaita Mbilikimo. Jirani zao waliwadharau kwa ufupi wao na kwa maisha yao ya kuwinda. Mwaka 1921, alipokuwa amekaribia miaka sitini, Apolo aliota tena ndoto, akaagizwa aende kwa watu wa mwituni. Akaenda. Aliketi nao kama watu waliofanywa na Mungu yule yule, akajifunza lugha yao, akafanya kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Mtu aliyekuwa mwalimu kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano alikubali kuwa mwanafunzi tena, akifundishwa maneno na watu waliodharauliwa.

9. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Angeweza kumalizia uzee wake huko kwao. Lakini alipougua alitaka kurudi Mboga, akafa huko tarehe 30 Mei, mwaka 1933. Kwa desturi, maiti hulazwa kichwa kikielekea upande wa kwao, nako kwa Apolo ni mashariki. Yeye aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa mwitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa bado. Hata kaburini hakutaka kutazama nyuma.

10. Ninyi wanafunzi, si kila mmoja wenu atavuka mto Semliki. Mwingine atatumwa kwa bibi mzee asiye na mtu wa kumtekea maji. Mwingine atatumwa kwa mtoto anayechekwa darasani kwa kuwa hajui kusoma. Popote mtakapotumwa, chukueni jembe, maana yake nendeni kufanya kazi, msiende kutumikiwa. Tena mkikosewa, kumbukeni kwamba safari ya kwanza ya Apolo ilifungua mlango wa Mboga, bali safari ya pili ndiyo iliyofungua moyo wa Tabaro.

MASWALI

1. Kwa nini wale kumi na wawili huitwa wanafunzi, na kwa nini huitwa mitume?
2. Walimu wa kwanza waliondoka Mboga kwa sababu gani?
3. Elezeni tofauti ya mfuko na jembe kama ilivyosemwa katika somo.
4. Apolo alikuwa na njia mbili alipoachiliwa. Ni zipi? Alichagua ipi?
5. Apolo alijifunza nini kwa Wambuti?
6. Andikeni habari fupi ya kazi moja ambayo mtu aweza kutumwa katika kijiji chenu, na jembe litakalomfaa katika kazi hiyo.