Kusoma Cheti cha Dawa: Somo kwa Vijana wa Konde

Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu, mmezoea kusoma habari za ada katika kurasa hizi. Safari hii tumeona vema mwone kile ada hiyo inachonunua. Vijana wa Konde, kaskazini mwa Pemba, wanaosomea ufundi sanifu wa dawa wanajiandaa na mtihani, na sehemu waliyoomba tuirudie ni ya kushughulikia cheti cha dawa.

Hatua zenyewe hukaririka: kupokea cheti, kukihakiki, kuandaa dawa, kuandika lebo, kuhakiki tena, kumweleza mgonjwa, kuweka kumbukumbu katika daftari. Cheti kamili kina jina, umri, tarehe, dawa na nguvu yake, kipimo, idadi ya siku na sahihi ya mwandikaji. Kwa mtoto, uzito pia. Swali la mtihani mara nyingi huondoa kimojawapo kimyakimya.

Tuchukue hesabu moja. Mtoto ameandikiwa amoksilini ya maji, miligramu 250 mara tatu kwa siku, siku 5. Chupa ni ya mililita 100, na kila mililita 5 zina miligramu 125. Dozi moja ni mililita 10, kwa siku 30, kwa siku 5 mililita 150. Zinatakiwa chupa mbili. Anayetoa moja amempa mtoto dozi 10 badala ya 15, na mama ataondoka akiamini dawa imetosha.

Kisha kuna vifupisho. Mwandikaji akiandika "t.d.s." ana maana ya mara tatu kwa siku, kwenye bahasha tunaandika 1x3. Mgonjwa asiyeelezwa anaweza kumeza vidonge vitatu kwa mpigo. Hata maneno yetu wenyewe yana mtego: ukimwambia bibi ameze "kila saa nane", anaweza kusikia saa 8 mchana, yaani mara moja tu kwa siku. Mtajie nyakati: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Vitabu vilivyoandikwa ng'ambo haviligusi jambo hili.

Pemba wengi ni Waislamu, hivyo mwezi wa Ramadhani dozi ya mchana huwa swali la kweli dirishani. Fundi asibadilishe ratiba kwa hiari yake, wala asinyamaze mgonjwa akiondoka na dawa asiyokusudia kuimeza. Amrudishe kwa aliyeandika, ambaye pengine ataona dawa nyingine ya mara moja au mbili kwa siku.

Na mwandiko usiosomeka? Usikisie. Uingereza, katika miaka ya 1980, daktari aliandika Amoxil, dawa ya kuua vijidudu. Mfamasia akasoma Daonil, dawa ya kushusha sukari. Mgonjwa hakuwa na kisukari, akapata madhara ya kudumu ya ubongo. Mahakama ilimpa daktari asilimia 25 ya lawama kwa mwandiko wake, na upande wa duka la dawa asilimia 75, kwa kuwa kipimo na idadi ya vidonge vilitosha kumshtua mfamasia.

Mazoezi yetu ni ya watu wawili wawili, mmoja akiwa mgonjwa. Fundi akimaliza kueleza, humwomba mwenzake arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, fundi ndiye anayeanza upya.