Chemshabongo: Namna ya Kuitunga na Kuipima

Mtahiniwa, katika fasihi simulizi umekwisha kusoma kuwa semi ni pamoja na methali, vitendawili, nahau, misemo na mafumbo. Hapa tunashughulikia chemshabongo, fumbo ambalo wengi hulichanganya na kitendawili. Ukitegewa "Nyumba yangu haina mlango", unajibu "Yai" kwa sababu jamii imekwisha kulikubali jibu hilo. Asiyelijua hutoa mji. Chemshabongo haidai ulijue jibu kabla. Taarifa zote zimo ndani yake, nawe unalifikia jibu kwa kupima lipi linawezekana na lipi haliwezekani.

Mfano maarufu ni wa mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani, kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu pamoja naye. Huko Ulaya ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, nayo imo katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Wanyama hubadilika kufuata mazingira ya msimuliaji, lakini ufunguo ni uleule: mbuzi arudishwe ng'ambo ya kwanza mara moja. Mivuko ni saba. (Usiishie kuikariri. Chora mto, uvushe mwenyewe.)

Sasa tutunge yetu, hapa Manzese. Asha, Juma na Neema hupanda basi la mwendokasi Ubungo kuelekea mjini. Kila mmoja hushuka kituo chake, na vituo vinafuatana hivi: Tip Top, Darajani, Argentina. Mmoja huuza ndizi, mmoja vitumbua, mmoja viatu vya mitumba. Nani hushuka wapi, na huuza nini?

Kidokezo cha kwanza: Asha hashuki Tip Top, wala hauzi vitumbua.
Kidokezo cha pili: Anayeuza viatu hushuka Tip Top.
Kidokezo cha tatu: Neema hushuka kituo kinachofuata mara baada ya kile cha Juma.

Anza na cha tatu. Ama Juma ni Tip Top na Neema Darajani, ama Juma ni Darajani na Neema Argentina. Njia ya pili inamwachia Asha Tip Top, na kidokezo cha kwanza kimekataza. Basi Juma ni Tip Top, kwa hiyo viatu ni vyake. Neema ni Darajani, Asha Argentina. Asha hauzi vitumbua, hivyo anauza ndizi, na vitumbua ni vya Neema.

Mara ya kwanza nilipoitunga kwa mashindano ya mikondo miwili ya Kidato cha Nne, niliacha maneno "wala hauzi vitumbua". Mkondo mmoja ulimpa Neema vitumbua, mwingine ukampa ndizi. Karatasi yangu ilisema vitumbua, nikatoa ushindi. Msichana mmoja wa mkondo ulioshindwa akasimama: "Mwalimu, ni kidokezo gani kinachokataza jibu letu?" Nilisoma vidokezo vyote mara mbili. Hakikuwepo. Walikuwa wamefikiri sawasawa na nimewanyima alama. Nilifuta matokeo.

Tangu siku hiyo, nikimaliza kutunga nalificha jibu langu na kujaribu kuthibitisha kwamba jibu jingine haliwezekani. Kulijua jibu lako hakutoshi, maana macho hukimbilia unachokijua. Mpe pia rafiki ambaye hajaiona. Hata Mashindano ya Dunia ya Mafumbo, yaliyoanza New York mwaka 1992, hutaka hivyo: fumbo la mantiki liwe na jibu moja tu, linalofikiwa bila kubahatisha.

Kuna kosa la upande wa pili. Ukiongeza "Neema huuza viatu", vidokezo vinagongana na jibu halipatikani kabisa. Ukiongeza "Juma huuza viatu", hujaharibu kitu, ila umemrahisishia mshindani kazi bila sababu. Ugumu mzuri hutokana na kidokezo kinachomlazimisha apime njia mbili, kama kile cha tatu. Kuficha maana kwa maneno mazito si ugumu, ni usumbufu.

ZOEZI

1. Futa kidokezo cha pili. Majibu yanayowezekana ni mangapi? (Ni manne. Yaandike yote.)

2. Ongeza kituo cha nne, Kagera, na muuzaji wa nne, Musa, auzaye maji. Tunga vidokezo vichache kadiri uwezavyo ili jibu liwe moja, kisha onesha hatua za kulifikia.

3. Tofautisha kitendawili na chemshabongo kwa hoja tatu. Kila hoja iwe na mfano wako, usiwe wa yai wala wa mbuzi.