Sanaa Katika Uwanja wa Shule: Kielelezo Kwanza, Ukuta Baadaye

Mwezi Agosti 2024 mji wa Eldoret ulikuwa ukijiandaa kupokea hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sanamu za wanariadha zilisimamishwa mjini, jambo la kufaa kabisa mahali ambapo dunia nzima hupajua kwa wakimbiaji wake. Picha za sanamu hizo ziliposambaa mitandaoni, Wakenya walicheka. Wengi walisema maumbo yale hayakuwa na sura wala mwendo wa mwanariadha. Rais William Ruto alipofika kukabidhi hati tarehe 15 Agosti, sanamu zilikuwa zimeshaondolewa.

Kicheko kilipita, lakini swali lake limebaki na linamhusu kila anayetaka kupamba uwanja kwa fedha za umma: nani alipaswa kuziona sanamu zile zikiwa bado ndogo, juu ya meza, wakati ambapo kuzirekebisha kungegharimu donge la udongo tu?

Meru na Embu swali hili haliko mbali. Uwanja wa Kinoru uliandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018, na Uwanja wa Moi mjini Embu ukaziandaa mwaka 2023. Wakazi wa kaunti zote mbili wanajua ukarabati unaofukuzana na tarehe unavyokuwa. Mashuleni hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Uwanja unasawazishwa, jukwaa linaezekwa, ukuta wa upande wa barabara unapigwa plasta, kisha wiki mbili kabla ya mgeni rasmi kufika mtu anakumbuka kwamba ukuta uko wazi. Anatafutwa fundi rangi aliye karibu, na ukuta utakaotazamwa na watoto kwa miaka ishirini unaamuliwa alasiri moja.

Ukuta ni wa nani?

Kabla ya kumtafuta msanii, ni lazima ijulikane mwenye ukuta. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni. Shule za msingi na za upili zimebaki kwa Serikali ya Kitaifa, na kila moja ina Bodi ya Usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hivyo picha kwenye uwanja wa kaunti huamuliwa na kaunti. Picha kwenye ukuta wa shule ya upili, hata kama wanakijiji wote hucheza mpira hapo Jumapili, inahitaji idhini ya bodi, na fedha za kaunti haziwezi kuingia pale bila makubaliano ya maandishi kati ya serikali mbili.

Wasomaji watakumbuka mwanzo wa 2025, Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano ya aina hiyo kabla ya kutoa basari, suala lililofika mahakamani. Picha ya ukutani ni gharama ndogo kuliko basari, ila mkaguzi wa hesabu haulizi ukuta una upana gani.

Msanii si mfuko wa saruji

Kosa la kawaida huzaliwa ndani ya BQ, ile orodha ya kazi na bei ambayo mkandarasi hujaza. Mchoro huingizwa humo kama mstari mmoja, katikati ya milango na madirisha, kwa mita za mraba. Mkandarasi naye humtafuta wa bei ya chini, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kununua saruji na kokoto. Hakuna uovu hapo. Mfuko mmoja wa saruji hufanana na mwingine. Wachoraji wawili hawafanani, na bei peke yake haisemi lolote kuhusu tofauti yao.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ina njia inayofaa zaidi, ingawa hutumiwa kwa nadra. Inaitwa shindano la ubunifu, na imeorodheshwa sambamba na zabuni ya wazi na njia nyingine. Katika shindano la namna hii swali la kwanza kwa msanii ni atafanya nini, si atalipisha ngapi. Kiasi cha fedha kinaweza kutangazwa mapema, na wasanii wakashindana kwa wazo na ustadi. Masharti ya Kifungu cha 227 cha Katiba, yaani haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, yanatimizwa kwa sababu kila mchoro unaonekana na kila alama inaandikwa. Asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu inawagusa wasanii wengi pia, mradi wawe wamejiandikisha.

Kwa kazi ndogo ya shule moja, shindano kamili linaweza kuwa mzigo. Hata pale ambapo sheria inaruhusu kuomba bei kwa barua, barua hiyo na iombe mchoro pia. Wasanii watatu waliochaguliwa walipwe kitu kwa vielelezo vyao. Msanii anayeombwa mchoro wa bure hutoa mchoro wa bure.

Jopo la kuchagua lisiwe la ofisi tupu. Mwalimu wa michezo anajua mpira unagonga wapi. Afisa wa utamaduni wa kaunti anawajua wasanii. Mhandisi anajua ukuta utabeba nini, msanii asiyeshindana atamtambua mkono wa kweli na wa kubahatisha, na wanafunzi wawili au watatu, wasichana na wavulana, wawe na kura sawa na watu wazima. Wao ndio watakaopita hapo kila asubuhi.

Kisha lije jaribio ambalo halipaswi kuachwa kwa sababu yoyote. Mshindi achore umbo moja tu kwa ukubwa kamili juu ya ubao wa plywood, na ubao ule usimamishwe uwanjani kwa wiki moja. Umbo linalopendeza kwenye karatasi huweza kuonekana fupi au limepinda likiinuliwa mita tatu juu na kutazamwa kutoka upande wa pili wa uwanja. Wanafunzi wakicheka, wanacheka wakati ambapo bado kuna la kufanya. Gharama yake ni ubao na mikebe michache ya rangi. Ikilinganishwa na yaliyotokea Eldoret, ni fedha kidogo mno.

Nini kichorwe

Kuta nyingi za shule za chekechea zimejaa wanyama wa katuni za kigeni. Watoto huzipenda, lakini katuni hizo zina wenyewe, na aliyezichora ukutani hakuwaomba ruhusa. Kuta nyingine hubeba nyuso za viongozi walio madarakani, nazo hupakwa rangi upya baada ya uchaguzi. Kwa uwanja wa shule, sharti la kwamba hakuna sura ya mwanasiasa aliye hai litaokoa fedha na maneno.

Historia ya eneo hili ina mengi ya kuchorwa. Watoto wa Embu husimuliwa habari za Mwenendega na kichaka chake kitakatifu karibu na Runyenjes. Wameru wana masimulizi ya safari kutoka Mbwaa. Wapo pia wapiganaji wa Mau Mau: Musa Mwariama upande wa Meru, Jenerali Kubukubu upande wa Embu. Lakini tahadhari. Njuri Ncheke ina miiko yake, na fimbo au mavazi ya wazee si mapambo ya kuchukuliwa kwenye picha ya simu. Anayetaka kuyachora aende kwanza kwa wazee wenyewe, na anayetaka kumchora shujaa aende kwa familia yake. Kwenda huko ni ushirikishaji wa umma wa kweli, pengine kuliko mkutano wa ukumbini wenye maji ya chupa.

Na isisahaulike kwamba huu ni uwanja wa michezo. Mkataba unaweza kumtaka msanii akae shuleni siku kadhaa za riadha katika muhula wa kwanza, akiwa na daftari, awatazame wanafunzi wakikimbia, wakiruka, wakianguka. Mwili unaokimbia ni mgumu kuchora. Asiyeutazama kwa makini atachora mtu aliyesimama huku mguu mmoja ukiwa hewani.

Mfano mzuri hauko mbali na Embu. Ndani ya kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a kuna picha tano kubwa za maisha ya Yesu zilizochorwa na Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, akazimaliza mwaka 1959. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Watu katika picha hizo ni Waafrika, na vilima vilivyo nyuma yao ni vile vile ambavyo waumini huviona wakitoka mlangoni. Mada ilikuwa wazi, mahali palijulikana, na msanii aliitazama nchi aliyokuwa akiichorea. Zaidi ya miaka sitini baadaye watu bado huenda kuzitazama.

Jua, mvua na mpira

Picha za Murang'a zimekaa chini ya paa. Ukuta wa uwanja hauna bahati hiyo, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika ndani ya miaka miwili.

Adui wa kwanza ni maji yanayotoka nyuma na chini ya ukuta. Rangi ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu hupanda malengelenge, kisha hubanduka kama ganda la ndizi. Mifereji ya paa irekebishwe kwanza. Plasta mpya iachwe takriban wiki nne ikauke, maana chokaa na saruji mbichi huila rangi. Kwa hiyo ratiba ya msanii haiwezi kuanza siku ambayo fundi wa plasta anaondoka. Kazi yenyewe ifanyike katika miezi ya ukavu, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, si wakati wa mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba.

Adui wa pili ni udongo mwekundu. Matone ya mvua huurusha ukutani, na sehemu ya chini huwa na rangi ya kahawia hata kabla ya ufunguzi. Mchoro uanzie juu ya kiuno cha mtu mzima, na sehemu ya chini ipakwe rangi ya udongo wenyewe au ijengwe kwa mawe. Jua nalo huanza na rangi nyekundu na za waridi zinazong'aa. Rangi zinazotokana na madini ya chuma, yaani nyekundu ya udongo, manjano iliyokolea na nyeusi, hudumu zaidi. Msanii aulizwe aina ya rangi atakayotumia, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Nyuma ya goli pasichorwe kitu.

Ipo pia njia ya kuiacha rangi kabisa. Katika uwanja wa chuo kikuu cha taifa jijini Mexico, uliokamilika mwaka 1952 na kutumiwa katika Olimpiki za 1968, Diego Rivera alitengeneza mchongo mkubwa kwa mawe yenye rangi zake za asili. Alifariki mwaka 1957 kabla ya kuumaliza, lakini sehemu aliyoikamilisha bado ipo, kwa kuwa jiwe halipauki. Shule haina fedha za Rivera. Ina vipande vya vigae alivyoviacha mkandarasi, mawe ya machimbo ya karibu na saruji, na msanii mwenye ujuzi anaweza kuvifanya mkimbiaji.

Kazi ya kuinuka ukutani ina faida nyingine. Huko Igoji, katika Kaunti ya Meru, kuna shule za St. Lucy's za wanafunzi wasioona. Picha bapa haiwaambii kitu. Umbo lililoinuka kwa vidole vitatu, likiwekwa kimo cha mkono na bila ncha kali, huweza kusomwa kwa kugusa. Wanafunzi wasioona wako pia katika shule za kawaida, kwa hivyo hoja hii haiishii Igoji. Vyuma, kwa upande wao, vifikiriwe mara mbili: kipande kinachong'oka kitauzwa kama chuma chakavu.

Baada ya ufunguzi

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Wasanii wengi hawajui hilo, na ni vyema waambiwe kabla ya kutia sahihi. Hata hakimiliki ikihama, msanii ana haki ya kutambuliwa kwa jina lake na ya kupinga kazi yake isigeuzwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kwa hiyo jina lake liwekwe ukutani kwa herufi zinazosomeka, na mkataba useme nani ataitwa ukuta ukipasuka au ukihitaji kubomolewa.

Mkataba useme pia nani atauosha ukuta kila mwaka baada ya mvua za Mei, na kwa fedha zipi. Mkebe mmoja wa kila rangi ubaki stoo ya shule ukiwa na namba yake. Mchoro wa awali na nakala ya mkataba vikae kwenye faili ya mwalimu mkuu, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa, na simu za maafisa huenda nao.