Kuku wa Chenga za Mkate: Rangi Isikudanganye

Rangi ya dhahabu si ushahidi kwamba kuku wa friza ameiva. Nalitanguliza hili kabla ya kutaja dakika wala nyuzi joto, kwa sababu viwanda vingi hupitisha vipande kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi tu ili chenga za mkate zishike, kisha huvigandisha. Ganda linapendeza, nyama ndani bado mbichi. Kanada watu waliugua salmonela kwa bidhaa za namna hii, hadi kuanzia Aprili 2019 viwanda vikatakiwa kuhakikisha bakteria hao hawaonekani tena ndani yake. Kwa hiyo soma pakiti. Ikisema nyama ni mbichi, mshike kama kuku mbichi yeyote, na sahani uliyomwekea usimpakulie tena akishaiva.

Mtoe friza umtie moja kwa moja kwenye kikaangio cha hewa. Wengi tumezoea kuyeyusha barafu kwanza, na kwa kuku mzima ni sawa kabisa. Kwa huyu, maji ya barafu hunyonywa na chenga, ganda likalegea na kubanduka unapogeuza. Washa kikaangio dakika 3 kabla, kisha panga vipande safu moja bila kugusana: kinachopika ni hewa ya moto inayozunguka, na palipobanana hubaki teketeke. Nageti huhitaji nyuzi 200 za Selsiasi kwa kama dakika 10. Minofu minene naipika kwa nyuzi 180, dakika 15 hadi 20, nikiigeuza katikati ya muda, maana moto mkali huunguza ganda kabla joto halijafika ndani. Mafuta hayahitajiki, ukiona unga mkavu mweupe, pakaza kidogo kwa brashi, basi.

Utaniuliza kwa nini usifuate tu dakika za kwenye pakiti. Zifuate kama mwanzo, lakini aliyeziandika hajui kikaangio chako wala umekijaza kiasi gani. Kukata kipande na kutazama nako hakutoshi, kwani nyama yaweza kuwa nyeupe kabla haijawa salama, na nyingine hubaki na wekundu ingawa imeiva. Tumia kipimajoto cha chakula. Ingiza ncha yake kwa ubavuni, ifike katikati ya sehemu nene. Kikisoma 74, pakua. Kikisoma 65, rudisha kwa dakika 2 au 3 upime tena. Wapo wanaohofia kwamba kuku atakauka. Kwa maoni yangu kinachomkausha zaidi ni kubahatisha: asiyepima humwacha motoni dakika nyingi za ziada ili awe na uhakika.

Na umeme ukikatika, kuku akayeyuka na kukaa zaidi ya saa 2 bila baridi, mtupe. Kikaangio hakitamrekebisha.