Tembe ya Mtemi Haisiribwi kwa Saruji

Kabla hujanunua mfuko hata mmoja wa saruji, keti na mzee aliyelala ndani ya tembe unayotaka kuikarabati akiwa mtoto. Nawaambia hivyo watu wa Manyoni ambao kwao bado imesimama tembe ya mtemi, ya jumbe, au ya mzee aliyekuwa akiamua kesi za kijiji kizima. Madaraka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 kaya nyingi zikahamia vijiji vya ujamaa, tembe nyuma zikabomoka zenyewe. Zilizobaki ni za kuhesabu, na nyingi zinauawa na wanaozipenda.

Ya babu yangu tuliiua hivyo. Tulichanga, tukaleta fundi, ukuta ukapigwa plasta ya saruji nje na ndani hadi ukang'aa. Baada ya masika mawili, ukigonga ukuta ulilia kama ngoma. Msimu uliofuata plasta ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake udongo ulikuwa laini kama wa mfinyanzi, ukibonyeza unaacha alama ya kidole, na fito zilikuwa zimebaki maganda. Mchwa walishamaliza kiini. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukiufunga kwa saruji, maji yanayopanda kutoka chini na yanayovuja kutoka juu hayana pa kutokea, na mchwa hupata giza na unyevu wanaoutaka.

Basi siriba kwa udongo. Chimba pale pale wazee walipochimba, mara nyingi shimo lake bado lipo nyuma ya zizi. Changanya na kinyesi cha ng'ombe na makapi ya uwele au mtama, kanyaga, funika, uache ulale siku kadhaa kabla ya kuutumia. Pakaa kwanza kipande kidogo, kama upana wa mlango, usubiri kikauke. Kikipasuka sana, ongeza makapi au mchanga. Lowesha ukuta wa zamani kabla ya kupaka, la sivyo utanyonya maji ya udongo mpya nao utadondoka. Paka kwa tabaka nyembamba, ya pili baada ya ya kwanza kushika. Kazi hii ni ya Juni hadi Septemba, jua likiwa kali na mvua ikiwa mbali.

Hata hivyo, adui mkubwa yuko juu. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba zisikukute hujapanda kukagua paa. Ng'oa majani yote yaliyoota, kwa sababu mizizi ndiyo hufungua njia ya maji. Ziba nyufa, ongeza udongo palipolika, hakikisha maji yana upande wa kuelekea. Usirundike udongo kila mwaka bila kupunguza wa zamani. Uzito ukizidi, boriti hupinda kisha hukatika. Chini, chimba mfereji mdogo kuizunguka nyumba, hatua mbili tatu kutoka ukutani, ili maji yasisimame kwenye msingi. Jembe moja na siku moja vinatosha kwa mfereji huo, na ningetakiwa kuchagua kazi moja tu kati ya zote hizi, ningechagua hiyo.

Nguzo iliyooza ibadilishe peke yake, huku umeegemeza boriti kwa mti wa muda. Tafuta mti mgumu ambao mchwa huuogopa, kama mpingo, lakini pitia kwanza kwa watu wa misitu upate kibali. Na washeni moto ndani. Moshi ule uliowachoma macho bibi zetu ndio uliofukuza wadudu kwenye fito. Nyumba inayolaliwa na kijana mmoja wa ukoo, anayepika na kufagia, itaishi kuliko iliyofungwa kufuli.

Anayetaka kuona inavyowezekana apande treni mpaka Tabora, aende Kwihara kuiona tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872. Imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Mwenye nauli ya mbali zaidi afike Butiama, mkoani Mara. Pale Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, mgeni hukuta kaburi lake, makaburi ya wazazi wake, nyumba ya familia na miamba aliyokulia, vyote kwenye eneo moja, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999 yako karibu. Kilichonigusa mimi ni kwamba mtu aliyeongoza nchi hakutenganishwa na boma la baba yake, Mtemi Burito. Kwa hiyo na ninyi msitunze chumba mkauza ua. Zizi, kaburi, mti wa baraza na kinu vinahesabika pamoja na nyumba.

Hapo ndipo ugomvi wa ukoo unapoanzia, kwa hiyo umalizeni mapema. Itisheni kikao, andikeni muhtasari, nani anakaa, nani anachangia, nini hakiuzwi, kila mmoja asaini. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa nafasi ya kuomba hatimiliki ya kimila. Pitieni serikali ya kijiji mkapimiwe eneo zima pamoja na makaburi. Mkiamini nyumba ina uzito wa kitaifa, pelekeni maelezo na picha kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, naye ataeleza njia ya kufika Idara ya Mambo ya Kale.

Vitu vya ndani vina masharti yao. Kigoda, mkuki na kibuyu viweke juu ya uchaga, visiguse sakafu. Stakabadhi za kodi, kadi ya TANU na barua za bwana shauri msizipeleke kupigwa laminesheni; plastiki ikishashikishwa kwa moto haitoki tena, na karatasi huharibika humo humo. Ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, ndani ya boksi kavu, mkiandika kwa penseli juu ya bahasha: ya nani, ilipatikana wapi.

Sasa turudi kwa yule mzee wa mwanzo. Nenda naye na simu, na umwombe asimame mlangoni. Muulize ng'ombe walipita wapi, mgeni alikalishwa wapi, wanawake walikuwa na mlango gani, siku ya kesi mtemi aliketi upande upi. Atakapoanza kuonyesha kwa fimbo, usimkatishe. Rekodi mpaka achoke, kisha umtengenezee uji, urudi kesho.