Mfuko wa Harufu Nzuri kwa Tranka Lako

Kijana mwenzangu, tranka la bweni unalijua. Lifungue wiki ya sita ya muhula: soksi, kipande cha sabuni, na lile daftari lililonyeshewa mvua, vyote vinanuka pamoja. Si lazima ukimbilie manukato ya dukani. Maua na majani ya nyumbani kwenu, yakikaushwa vizuri, yanaweza kunukia kwa miezi kadhaa.

Wafaransa huita mchanganyiko huo potpourri, maana yake "chungu kilichooza"! Lilikuwa jina la chakula cha mchanganyiko kabla ya kupewa maua. Sisi hatuna la kushangaa. Zanzibar kina mama wana kikuba, asumini na mrehani vikifungwa pamoja na kuvaliwa, ingawa chenyewe huwa kibichi.

Kwetu Chato, wakati mzuri ni likizo ya Juni, mvua ikiwa imekwisha. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Tafuta waridi, mchaichai, kivumbasi, majani ya mlimao, na maganda ya machungwa ambayo kila siku tunayatupa. Usichume ua usilolijua. Mnanaha, kwa mfano, una sumu, na nyumbani kuna wadogo zako wanaotia kila kitu mdomoni.

Tandaza kwenye ungo, kivulini, penye upepo. Wengi hukosea hapa: wanaanika juani ili wamalize haraka. Jua kali huondoa rangi na yale mafuta yenye harufu, ukabaki na takataka kavu. Geuza kila siku. Baada ya wiki moja au zaidi, jani likivunjika kwa mlio ukilifinya, tayari. Likijikunja tu bado lina maji, na maji huleta kuvu. Mwenye pumu akivuta vumbi la kuvu anaweza kubanwa kifua usiku huohuo, kwa hiyo mchanganyiko wenye madoa ya kuvu tupa, usiuonee huruma.

Sasa changanya: vikombe vinne vya maua na majani, kikombe kimoja cha maganda yaliyokatwa vipande vidogo, kijiko cha chai cha karafuu na kipande cha mdalasini kilichopondwa. Funika kwenye chupa kavu kwa wiki mbili, ukiitikisa kila siku. Chupa iwe ya jamu au ya asali. Kamwe usitumie kopo lililotiwa zebaki ya machimboni au dawa ya pamba, hata kama limeoshwa mara kumi. Mwisho shona kifuko cha kitambaa cha pamba (kipande cha kanga iliyochakaa ni bomba kabisa), jaza, funga, weka katikati ya nguo zilizokauka. Harufu ikipungua, kifinye kidogo.

Kila ninapofundisha jambo hili, dada mmoja hubaki nyuma darasani na kuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kujisafishia huko chini. Hapana, dada yangu. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiingiza majani, manukato au hata sabuni unawasumbua bakteria wazuri wanaoulinda, na unaweza kupata muwasho. Nje osha kwa maji, inatosha. Ukiona uchafu usio wa kawaida, harufu kali au kuwashwa, nenda zahanati. Muuguzi ameshayasikia hayo mara nyingi.

Halafu kuna suala la mbu. Utasikia, "Mimi nina kivumbasi, chandarua cha nini?" Ni kweli mbu hawaipendi harufu yake. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walichapisha mwaka 2008 kwamba kufukiza kivumbasi kunapunguza mbu wanaouma ndani ya nyumba. Kunapunguza, si kunamaliza! Na huo ni moshi, ambao nao si rafiki wa mapafu yako. Kifuko kilichofungwa ndani ya tranka hakimfikii mbu anayezunguka kitandani saa nane usiku. Mkoa wetu wa Geita una malaria nyingi, na mbu mmoja jike mwenye vimelea anatosha kukulaza. Chandarua chenye dawa kichomeke chini ya godoro pande zote, na kikitoboka kishone kwa uzi uleule ulioshonea kifuko.

Homa ikikupata usijipulizie mvuke wa mchaichai na kusubiri. Mwambie matroni, au mwalimu wa zamu, ili upimwe malaria ndani ya saa 24. Ni tone moja tu la damu kidoleni, na majibu hutoka kabla kipindi hakijaisha.