Kuandika Habari za Maisha ya Wazee Wetu



Tawasifu ni habari za maisha ya mtu zilizosemwa na mwenyewe. Wengi hudhani ni kazi ya washairi na wakubwa, kama Shaaban Robert aliyetoa "Maisha Yangu" mwaka 1949. Lakini hapa Mara upo mfano mwingine. Zedekiah Kisare, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa la Mennonite mwaka 1967, alimsimulia Joseph Shenk maisha yake, naye Shenk akayaandika. Kitabu kilitoka mwaka 1984. Kalamu ilikuwa ya mwingine, lakini habari zilikuwa za Kisare.

Mfano huu watufaa. Mwalimu Nyerere, aliyezikwa Butiama mwaka 1999, hakuacha kitabu kamili cha maisha yake. Wasomi watatu waliotoa wasifu wake mwaka 2020 iliwabidi kutafuta nyaraka na kuuliza watu. Ikiwa ndivyo kwa Mwalimu, itakuwaje kwa wazee wetu wa Bunda na Musoma, ambao hawana nyaraka?

Mimi nimeandika habari za bibi yangu wa Bunda, aliyehamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Njia niliyoifuata ni hii.

Kwanza, uliza jambo moja dogo. Ukiuliza, "Maisha ya zamani yalikuwaje?" utajibiwa, "Yalikuwa magumu," basi. Nilimwuliza bibi alibeba nini siku ile. Akataja jiwe la kusagia, kuku wanne, na mlango. Udongo wa kujengea ungepatikana popote, lakini mbao za mlango zilinunuliwa kwa fedha.

Pili, tafuta miaka kwa mambo yanayojulikana. Uliza kama jambo lilitukia kabla ya vita vya Kagera vya 1978 hata 1979, au baadaye.

Tatu, tenga aliyoyaona na aliyoyasikia. Akisema, "Nilisikia," andika hivyo hivyo.

Nne, usimlazimishe. Kule walikotoka bibi aliacha kaburi la mtoto. Alilitaja mara moja, akanyamaza. Nami niliandika kwamba alinyamaza.

Mwisho, msomee yote akusahihishe, maana habari ni zake.

Ndugu zangu, likizo i karibu. Daftari moja na kalamu vyatosha. Tuwaulize wazee wetu wangali hai, kwa kuwa baada ya hapo hapana wa kumwuliza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne